Meli Iliyozama Mara Mbili: Maongezi Juu ya Injini na Baridi Katika Ziwa Tanganyika

Wasikilizaji wetu, mtu akitaja baridi mbele ya wazee wa Ujiji huenda wakamcheka. Ujiji ni mji wa jua, wa michikichi na upepo wa ziwa, na maji ya ziwa lenyewe hayana ukali wa kumtetemesha mwogaji. Juu yake yana joto la digrii 25 na zaidi, na kama mtu angeweza kushuka mpaka kilindini, ambako ni karibu mita 1,470, hata huko angekuta digrii 23 na kitu. Ziwa hili halijui barafu. Basi mbona tumechagua kuzungumza juu ya maradhi ya injini yaletwayo na baridi, tena tukaiweka hadithi yetu katika ufuko wa Ujiji na Kigoma?

Sababu ni kwamba baridi ya injini si baridi ya mwanadamu. Mtu husema kuna baridi akilinganisha hewa na joto la mwili wake. Injini nayo yafaa ilinganishwe na joto lake la kazi. Mvuke unaotoka katika boila ya meli hupita digrii 150. Kwa mvuke huo, asubuhi njema ya Kigoma, ambayo sisi twaiona ya kupendeza, ni kipupwe kikali, na chuma kilicholala usiku kucha bila moto ni kama mwamba wa barafu. Kwa hiyo fundi wa meli katika ziwa la joto alikuwa na vita na baridi kila siku ya safari, kama yule dereva wa nchi za theluji. Ila yeye hakuvaa koti.

Kabla ya kuingia melini, natuanze na chombo kinachojulikana zaidi, yaani gari la petroli la namna ya zamani, lile la kuwashwa kwa hendeli. Wenye magari ya namna hiyo huko Ufipa, kusini ya ziwa, wayajua vema maradhi haya. Sumbawanga iko juu, yapata mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na wa Julai asubuhi yake huuma. Gari lililopanda mlima jana jioni likiimba, leo alfajiri halitaki kuamka. Mwenyewe huzungusha hendeli mpaka mikono ikachubuka, kisha huanza kufungua kabureta. Hapo twaona ndipo kosa la watu wengi lilipo. Huanza kufungua kabla ya kuuliza.

Swali la kwanza ni hili: je, injini yazunguka kwa uzito, au yazunguka kwa wepesi lakini haiitiki? Ikizunguka kwa uzito, shauri liko katika mafuta ya kulainishia, ambayo kwa baridi huwa mazito kama asali ya zamani, au, kwa gari lenye betri, liko katika betri, kwa maana betri hupoteza nguvu nyingi katika baridi, na wakati huo huo yadaiwa nguvu zaidi kuliko siku zote. Ikizunguka kwa wepesi na haiitiki, hapo ndipo mtu atoe plagi aitazame. Plagi ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa petroli, basi petroli yafika lakini cheche haipo, au petroli imezidi. Kwa desturi petroli haiwaki ikiwa maji. Sharti igeuke kuwa mvuke na kuchanganyika na hewa, na katika baridi sehemu kubwa yake hukataa kugeuka. Ndiyo sababu injini baridi hupewa petroli nyingi kuliko kawaida kwa kuvuta choki, ili ile kidogo inayogeuka itoshe. Lakini mwenye pupa huvuta choki mno, akazamisha plagi, na kuanzia hapo hata jua likichomoza halimsaidii. Tena kuna umande, ambao hukaa juu ya nyaya na kuiba cheche njiani. Kitambaa kikavu kimeponya magari mengi yaliyokuwa yamehukumiwa kufa.

Walakini mafundi wazee wana swali moja wanalolitanguliza mbele ya hayo yote, nalo ndilo tunalotaka kulifuata katika maongezi haya. Wao huuliza: jana ilizimwaje? Injini hulala na hali iliyoachwa nayo. Aliyelaza gari na mafuta machafu, na betri iliyochoka, na plagi zenye masizi, amekwisha kuandika maradhi ya asubuhi kwa mkono wake mwenyewe. Baridi hufunua tu. Na katika historia ya nchi zetu hatujui ushahidi wa neno hili ulio mkubwa kuliko ule uliolala chini ya maji ya Ziwa Tanganyika.

Ujiji ulikuwa mji wa vyombo zamani sana kabla ya injini. Burton na Speke walipofika mwaka 1858, na Stanley alipomkuta Livingstone hapo mwaka 1871, safari za ziwani zilikwenda kwa mitumbwi, kwa makasia na kwa tanga. Meli ya kwanza ya mvuke katika ziwa hili, iliyoitwa Good News, iliteremshwa majini upande wa kusini mwaka 1885, baada ya vipande vyake kuchukuliwa na wapagazi kutoka mbali. Baadaye Wadachi walileta zao. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, shughuli ya meli ilihamia huko, kwa sababu Kigoma ina ghuba yenye kina na kinga, na ufuko wa Ujiji ni wazi na maji yake ni machache. Watu wa Ujiji hawakukosa kazi kwa hayo. Ni mwendo mfupi tu mpaka Kigoma.

Kwa reli hiyo ndipo ilipofika meli kubwa kupita zote. Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer, ikafunguliwa tena vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapata 5,000, ikasafirishwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa gari moshi mpaka Kigoma. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen, kwa heshima ya mtu aliyekuwa gavana wa Wadachi tangu 1901 hata 1906. Urefu wake ni karibu mita 70. Mafundi watatu wa kiwanda, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walikuja pamoja nayo kuiunga. Vitabu huwataja hao watatu, na ni haki yao. Lakini sisi twapenda kuwataja pia mafundi wa Kihindi na wafanyakazi Waafrika walioshika nyundo siku kwa siku, kwa kuwa ribiti zote hizo hazikugongwa na mikono sita. Usione vyaelea, vimeundwa. Tarehe 5 Februari 1915 meli iliteremshwa majini, na wakati huo vita vilikuwa vimekwisha kuwaka.

Habari za vita vile ziwani zimesimuliwa mara nyingi, nasi hatutazirudia zote. Lakini liko jambo moja ndani yake lihusulo maongezi yetu, nalo wasimulizi wengi hulipita. Waingereza walileta mashua mbili ndogo za petroli, Mimi na Toutou. Majina hayo kwa Kifaransa cha watoto ni sauti ya paka na ya mbwa. Kwa Mswahili bila shaka la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Zilitoka Uingereza mwezi wa Juni 1915, zikafika Afrika ya Kusini, zikaja kwa reli mpaka Fungurume katika Kongo ya Wabelgiji, halafu zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mitambo ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu. Mitambo ile ilikuwa na kiu kubwa, na njiani maji yalikuwa haba, hata wanawake wa vijiji wakaajiriwa kuchukua maji vichwani ili kuinywesha. Mwishowe mashua zilifika Lukuga, ng'ambo ya ziwa, zikatiwa majini siku chache kabla ya Krismasi.

Sasa tazameni tofauti. Mashua ya petroli ikiwa tayari yaweza kuondoka kwa dakika chache. Meli ya mvuke, kama boila yake ni baridi, haiwezi kuondoka kwa sababu adui ameonekana. Boila kubwa hupashwa moto polepole, muda wa saa nyingi, maana chuma hutanuka kikipata joto, na upande mmoja ukitanuka kabla ya mwingine, maungo huachana na mabomba huvuja. Kwa hiyo nahodha wa mvuke huchagua moja kati ya mawili: au aweke moto usiku na mchana, akile kuni bila kwenda popote, au auzime na kujiweka katika hatari ya kukutwa amelala. Tarehe 26 Desemba 1915 meli ndogo ya Wadachi iitwayo Kingani ilipopita karibu na Lukuga kupeleleza, zile mashua za petroli zilitoka zikaifuata na kuikamata kwa mapigano mafupi. Baadaye ilipewa jina la Fifi, na tarehe 9 Februari 1916 ikashirikiana na Mimi kuizamisha Hedwig von Wissmann. Hatusemi kwamba wepesi wa kuwaka peke yake ndio ulioleta ushindi. Mbio za mashua na mizinga vilifanya kazi yake. Lakini aliyepata kungoja boila ipate moto atajua kwamba haikuwa jambo dogo.

Götzen haikupata kupigana na mashua hizo. Katikati ya mwaka 1916 ndege za Wabelgiji zilikuja kutupa mabomu Kigoma, na majeshi ya nchi kavu yalikuwa yanakaribia reli. Wadachi wakaamua kuondoka. Amri ikatolewa kwamba meli izamishwe isije ikaangukia mikononi mwa adui, na wale mafundi walioiunga ndio waliopewa kazi ya kuizamisha.

Hapo, wasikilizaji wetu, yatupasa tukae kidogo. Mtu aliyeamriwa kuharibu ana njia nyingi nyepesi. Angeweza kuweka baruti chini ya boila. Angeweza kuvunja silinda kwa nyundo kubwa, kwa kuwa chuma cha kalibu hupasuka upesi. Mafundi wale hawakufanya hivyo. Waliijaza meli mchanga ili ishuke kwa utulivu na kukaa vema chini, wakazipaka injini grisi kila mahali, kwa unene, kisha tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha kwa uangalifu karibu na mdomo wa mto Malagarasi, mahali penye kina cha mita 20 hivi. Walitaka siku moja iweze kuinuliwa. Ni wazi walitumaini kwamba watakaoiinua ni watu wao wenyewe. Katika hilo matumaini yao hayakutimia. Katika habari ya injini yalitimia kabisa.

Grisi ile ilifanya nini? Kutu huhitaji mambo mawili, maji na hewa, yaani ile sehemu ya hewa iliyoyeyuka katika maji. Kikikosekana kimoja, chuma husalimika. Kina cha mita 20 katika ziwa hili si kina cha kutosha kuikosa hewa. Mawimbi na pepo za kusini, zivumazo kwa nguvu tangu Mei mpaka Agosti, huchanganya maji ya juu na kuyatia hewa. Chini kabisa, kupita mita mia mbili, maji hayana hewa hiyo wala samaki, lakini meli haikulala huko. Kwa hiyo chuma kitupu kingeliwa. Grisi ilisimama baina ya chuma na maji kama ukuta. Tena twaona asili ya ziwa lenyewe ilisaidia. Maji yake si ya chumvi kama ya bahari, na yana ladha ya magadi kwa mbali. Maji ya namna hiyo hula chuma polepole kuliko maji ya bahari au yale yenye uchachu. Meli ambayo ingezamishwa hivyo hivyo mbele ya Tanga au Lindi ingekuwa na hadithi nyingine.

Baada ya vita Wabelgiji, waliokuwa wameishika Kigoma na Ujiji, waliiinua meli wakaivuta mpaka bandari ya Kigoma. Mwaka 1920 tufani ikaja ikaizamisha tena. Wabelgiji wakaondoka mwaka 1921 na kuwaachia Waingereza mji pamoja na meli iliyo chini ya bandari yake. Tarehe 16 Machi 1924 Waingereza wakaifanya ielee mara ya pili.

Sasa fundi aliyepanda katika chombo kile kilichojaa tope alikuwa na swali lile lile la dereva wa Ufipa, ila kwa kipimo kikubwa mno. Mbele yake iko injini baridi, tena baridi ya miaka. Je, iko hai? Hawezi kuiwasha ajaribu, kwa maana mvuke ukiingia katika boila dhaifu, boila hupasuka na kuua. Hapana budi apime kabla ya moto. Desturi ya kazi hiyo haikubadilika sana tangu zamani. Kwanza ni nyundo ndogo: fundi hugonga bamba la boila mahali kwa mahali na kusikiliza. Bamba zima hulia kama kengele. Bamba lililoliwa hutoa sauti ya gome. Pili hujaza boila maji baridi mpaka pomoni, bila nafasi ya hewa, kisha husukuma maji zaidi kwa pampu mpaka shindo lake lipite lile litakalofanya kazi. Maji hayatanuki kama mvuke. Boila ikishindwa huchuruzika tu, wala haimwui mtu. Ndipo huja katika injini. Hufuta grisi, hutazama uso wa silinda kama una mashimo ya kutu, hujaribu kuzungusha mhimili kwa nguvu ya watu, pole pole, duara zima, akisikia kwa mkono kama pana mahali panapokwama.

Matokeo ya Kigoma ni mambo yaliyoandikwa: injini na boila zilionekana kuwa zafaa kwa kazi. Meli ikatengenezwa, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari tena kwa jina jipya, Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lililosikiwa na Livingstone upande wa kusini. Waliotayarisha injini ile ilale walikuwa maadui wa wale walioiamsha, nao hawakuulizana neno. Grisi ndiyo iliyowajibia.

Tangu hapo Liemba ikawa meli ya watu. Ilikwenda kutoka Kigoma kusini mpaka Kasanga na Mpulungu, ikisimama mbele ya vijiji vingi ambavyo havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali kidogo, mashua na mitumbwi zilikuja mbio kutoka ufukoni, na kwa makelele na vicheko na ugomvi kidogo watu walipanda na kushuka pamoja na magunia ya dagaa, mawese, kuku na watoto wachanga. Abiria aliona hapo tamasha. Fundi aliye chini katika chumba cha injini, zamani za mvuke, aliona hatari; maana kila kituo ni wakati wa injini kupoa.

Natueleze jambo hili vizuri, kwa sababu ndiyo maradhi makubwa ya baridi katika injini ya mvuke, na wengi hawayajui. Mvuke ukigusa chuma kilichopoa hurudi kuwa maji. Maji hayo hukusanyika chini ya silinda. Mvuke hubanika kama mto wa pamba, lakini maji hayabaniki hata kidogo. Pistoni ikishuka kwa nguvu ya meli nzima ikakuta maji baina yake na kifuniko cha silinda, hapana pa kwenda. Au kifuniko chavunjika, au fimbo ya pistoni yapinda. Injini ya namna ya Liemba ilikuwa na silinda tatu kila upande, mvuke ukifanya kazi katika ndogo, kisha katika ya kati, kisha katika kubwa, na kila hatua ukizidi kupoa. Basi chini ya silinda ziko bilula za kutolea maji. Kabla ya kuondoka, fundi hufungua bilula zote, huruhusu mvuke kidogo tu kuingia, huisukuma injini mbele nusu duara na kuirudisha nyuma, mbele na nyuma, mpaka chuma chote kipate joto. Mwanzo bilula hutema maji, halafu maji na mvuke pamoja, halafu mvuke mkavu mweupe wenye sauti ya mluzi. Hapo ndipo huzifunga, na kengele ya nahodha yaweza kuitikiwa.

Na kama injini yagonga njiani? Hapa ndipo fundi mwema hutengana na fundi wa kubahatisha. Mgongo wa kwanza wa kuchunguza ni bilula. Zikifunguliwa zikatema maji, na kugonga kukaisha, ilikuwa baridi tu. Zikitema maji, na kila zikifungwa kugonga kwarudi, basi maji hayatoki katika ubaridi wa silinda bali yatoka katika boila, ambayo imejazwa kupita kiasi au maji yake ni machafu yanayofanya povu, na povu hilo huvutwa pamoja na mvuke. Ya nini kuilaumu injini kwa kosa la boila? Na kama bilula zatoa mvuke mkavu na kugonga kungaliko, hapo si maji tena. Beringi imelegea, na kila zamu ya pistoni chuma chapiga chuma. Maradhi matatu, sauti moja. Fundi asiyefungua bilula kwanza aweza kufungua injini nzima kwa ajili ya maji ya kikombe kimoja.

Kazi hii haikuwa ya fundi mkuu peke yake. Palikuwa na wachochea moto waliotupa kuni katika tanuru kabla ya mapambazuko, na wapaka mafuta waliopita na makopo yao wakigusa kila beringi kwa kiganja wakati injini inapozunguka, ili wajue kwa ngozi yao ipi ina joto lisilo lake. Kiganja kile kilikuwa kipimo cha kuaminika kuliko vipimo vingi vya kioo. Watu wa Ujiji, wa Kigoma na wa vijiji vya ziwani waliifanya kazi hiyo miaka na miaka, katika joto ambalo abiria asingelistahimili dakika kumi, ili kuilinda injini na baridi.

Zamani za mvuke ziliisha katika miaka ya 1970, Liemba ilipotengenezwa upya na kupewa injini za dizeli. Mwaka 1993 ilifanyiwa tena matengenezo makubwa. Hesabu basi: zile injini zilizopakwa grisi mwaka 1916, zilizozama mara mbili, zilifanya kazi zaidi ya miaka 40 baada ya kuamshwa. Bamba la meli lenyewe liliendelea.

Dizeli nayo ina baridi yake. Haina plagi wala cheche. Huibana hewa kwa nguvu nyingi hata hewa ikapata joto la digrii mamia, na mafuta yakinyunyizwa ndani huwaka yenyewe. Injini ikiwa baridi, kuta za silinda huyanyang'anya hewa joto lake, mafuta hayawaki au huwaka nusu, na bombani hutoka moshi mweupe wenye harufu ya kuuma macho. Huo ni mafuta yaliyopita bila kuungua. Moshi mweupe ukikoma baada ya dakika chache, ni baridi ya asubuhi. Usipokoma injini ikiwa moto, basi mbano umepungua, kwa pete za pistoni kuchakaa au vilango kutofunga sawasawa, ama kinyunyizio chatiririsha badala ya kunyunyiza. Na moshi mweusi ni neno jingine kabisa, mafuta mengi kwa hewa chache. Hivyo anayesimama gatini Kigoma na kutazama bomba tu aweza kujua nusu ya khabari za chini.

Mwaka 1997 meli hii ilitumiwa kuwarudisha kwao Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000. Mwezi wa Mei 2015 ilitumwa Kagunga, kaskazini ya Kigoma karibu na mpaka wa Burundi. Kagunga ni kijiji katika kipande chembamba cha ufuko, mbele ni ziwa na nyuma ni milima mikali, na maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walikuwa wamejazana hapo wakiugua kipindupindu. Meli haikuweza kufika ufukoni. Ilisimama majini kama ilivyozoea kusimama mbele ya vijiji tangu 1927, watu wakaletwa kwa mashua, wakapandishwa mamia kwa mamia, kila safari yapata 600, wakapelekwa Kigoma. Kisha meli ikageuka kurudi kuchukua wengine, siku baada ya siku, na katika chumba cha injini hapakuwa na nafasi ya kuiacha injini ipoe.